Rangi kubanduka kwenye askari wa plastiki laini
Ndugu, umeuliza kwa nini rangi inabanduka kwenye singe za askari wako wa mfano wa vita vya Waterloo wa kipimo cha 1/72 (yaani wadogo mara 72 kuliko mtu halisi), ilhali kwenye kifaru chako cha vita cha mfano imeshika vizuri. Kifaru ni cha polistirini, plastiki ngumu, lakini askari wengi wa kipimo hicho ni wa polithini, ambayo hupinda na haishikani na rangi kirahisi. Tena huenda wametoka na mabaki ya mafuta ya kalibu, yale yanayopakwa ili plastiki isigande kwenye kalibu. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukiwasugua kwa mswaki mkuukuu hadi kwenye mikunjo ya makoti, na wakishakauka kabisa wapake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ndipo ufuatishe rangi ya akriliki. Mimi hurudia gundi hiyo mwishoni, hasa kwenye singe, kwa kuwa singe ndizo zinazopindishwa na vidole kila askari anaposogezwa mezani.