Fildi ya PhD halmashauri: acha rangi nyumbani

Siku niliporipoti manispaa, dada wa masijala alipokea barua yangu, akaigonga muhuri, akaniuliza, "Wewe ni wa fildi?" Nikamjibu kwamba ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. "Eeh, wa fildi," akasema, akanionyesha benchi walilokaa vijana wa diploma waliokuja kwa mafunzo ya vitendo. Nilikuwa na miaka 39 na watoto wawili. Nikakaa.

Nilikaa miezi sita idara ya mipango miji, katika manispaa mojawapo ya Dar es Salaam, nikifuatilia uboreshaji wa makazi yasiyopangwa. Wewe unayejiandaa kwenda, anza na barua mapema kuliko unavyodhani. Chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, naye anaandika kwenda chini, ngazi kwa ngazi, mpaka kwa mtendaji wa mtaa. Yangu ilichukua wiki tano. Ukiuliza barua imefikia wapi utaambiwa inashughulikiwa. Ukitaja namba ya jalada, utaambiwa liko mezani kwa nani.

Halafu angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mambo yanaamuliwa miezi mingi kabla, vipaumbele vinapotoka mitaani, vikapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, vikafika kwa madiwani. Mimi niliingia Aprili na mapendekezo mazuri. Kila mtu aliyapenda, ila bajeti ilikuwa imeshapita.

Sasa habari ya rangi. Kazi yangu ya kwanza mtaani ilikuwa kuonyesha pale mtaro wa maji ya mvua utakapopita. Nani Dar asiyeijua ile X nyekundu ya bomoabomoa? Mimi nikajiona mjanja: nikachukua rangi ya kupuliza ya bluu, nikaweka nukta tu ukutani. Mama mmoja aliyekuwa anachoma maandazi barazani alizitazama bila kuacha kugeuza maandazi yake. "Mwanangu," akasema, "leo nukta, kesho X." Kesho yake asubuhi nukta nyingi zilikuwa zimesuguliwa kwa brashi. Moja ilikuwa imepigwa plasta, na saruji bado mbichi.

Kosa langu halikuwa rangi peke yake. Barua ilikuwa imemfikia mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa. Mwenyekiti wa mtaa, aliyechaguliwa na wananchi, alisikia habari zangu kwa majirani waliomjia na hasira. Unawahitaji wote wawili, na kama mjumbe wa shina ana nguvu pale, mpitie pia, ukikumbuka kwamba yeye ni mtu wa chama.

Tulirudi baada ya mkutano wa mtaa, safari hii na kamba na vigingi. Wenye nyumba ndio walioshika kamba. Mzee mmoja akatupeleka nyuma ya choo chake, akaonyesha mstari ukutani, usawa wa kiuno, maji yalipofika mvua za El Niño za 1997 na 1998. Ramani ya ofisini haikuwa na habari hiyo. Mtaro ukasogezwa kama mita nne. Na mimi nilikuwa nimeshaandika kurasa nzima kuhusu Hanna Nassif, makazi ya Kinondoni hapo hapo Dar, ambako miaka ya 1990 wakazi walichimba mitaro yao wenyewe kwa ujira, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Neno "ushirikishwaji" nililiandika kila ukurasa.

Ofisini, usikatae kazi ndogo. Nilitoa fotokopi, nikabeba majalada, na kwa kuwa nachapa haraka nikapewa kuandika mihtasari ya vikao. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini barabara fulani inapata kifusi na nyingine haipati. Hakuna afisa angeniambia hayo kwenye mahojiano. Lakini hapa pana mtego: uliyoyasikia ukiwa karani si data. Nilikuwa na madaftari mawili, la kazi na la utafiti. Kitu hakikuvuka mpaka niombe ruhusa kwa aliyekisema. Mara mbili nilikataliwa, na sura moja ya tasnifu ikapungua. Iache ipungue.

Jambo gumu zaidi ni ahadi. Ukishavaa koti la manispaa, watu wanakuona wewe ndiye manispaa. Mama wa maandazi bado hunitumia ujumbe kila mvua za masika zikikaribia: "Mwanangu, mtaro lini?" Mwanzoni nilikuwa namjibu kwa maelezo marefu ya mchakato. Siku hizi nampa namba ya mwenyekiti na tarehe ya mkutano ujao wa mtaa, namkumbusha kwamba mimi nilikuwa wa fildi tu.