Barua kwa mwanangu: mhasibu amefariki na vitabu viko kwake

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Msiba wa mhasibu wenu umenigusa, kwani ndiye aliyekushikia hesabu za asali tangu ulipofungua duka huko Tabora. Umeniuliza kama ni adabu kwenda kwa mjane kudai mafaili kabla ya arobaini, na kama TRA, Mamlaka ya Mapato, watakuelewa ukisubiri ipite. Hayo ni maswali mawili, na ukiyajibu kwa pamoja utakosea yote.

TRA hawatakusubiri. Mlipakodi ni wewe. Marehemu alikuwa mwakilishi wako tu. Ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mapato ya mwaka ulioishia Desemba mwisho wake ni tarehe 30 Juni, na siku hiyo hiyo ndiyo mwisho wa awamu ya pili ya kodi ya makadirio ya mwaka huu. Kwa hiyo nenda ofisini kwao wiki hii, ukiwa na kitambulisho cha NIDA na TIN, namba yako ya mlipakodi, uwaarifu kuwa mwakilishi amefariki na uombe akaunti yako ya mtandaoni iwekwe namba yako ya simu badala ya yake. Hili la simu nalisisitiza, kwa kuwa umeniandikia kwamba ujumbe wa uthibitisho ulikuwa unaingia kwenye laini ya marehemu, ambayo sasa iko kwa wanawe. Usimpigie mtoto aliyefiwa akusomee tarakimu. Ukiona hesabu hazitakamilika, omba kwa maandishi kuongezewa muda kabla tarehe haijafika, maana ikishapita mtakuwa mnazungumzia adhabu.

Ukiwa hapo hapo, uliza kama zile fedha ulizokuwa ukimtumia akulipie kodi zilifika, malipo baada ya malipo. Kama kuna lisilofika, deni la TRA linabaki kuwa lako, nawe unakuwa mdai wa mirathi kama wadai wengine. Usimtuhumu marehemu mbele ya mtu yeyote kabla ya kuona taarifa hiyo kwa macho yako.

Sasa familia. Mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi, na wewe mwanamume usiye maharimu wake si wa kumwendea kwa mazungumzo ya makaratasi. Mtume mzee wa mtaa wenu kwa kaka wa marehemu, akaombe mambo mawili tu: karatasi za ofisini zisichomwe wala zisiuzwe kwa wafunga karanga (hilo nimeliona likitokea hapa sokoni, si mzaha), na mwambiwe kikao cha ukoo kimempendekeza nani kuwa msimamizi wa mirathi. Huyo, akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ndiye mwenye mamlaka ya kukukabidhi vitu. Mwandikiane orodha, mtie saini nakala mbili, kila mmoja abaki na yake.

Kitakachokusumbua zaidi ni manunuzi. Mauzo yako yamo kwenye EFD, ile mashine ya risiti za kielektroniki, na TRA wanayaona, lakini asali unainunua kwa wafugaji nyuki wa Sikonge wasio na mashine wala risiti, na ushahidi wote ni lile daftari la marehemu lenye majina, ndoo, bei na alama za dole gumba. Daftari hilo ndilo la kwanza kuombwa, kabla ya faili lolote. Wakati unalisubiri, chukua taarifa ya benki na ya miamala ya simu, kisha uwapitie wafugaji wenyewe uandike upya wanachokumbuka, nao watie sahihi. Risiti za mafuta na usafiri zilizobaki dukani zitoe nakala mapema, kwa kuwa maandishi yake hufifia kwa joto, na sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Mhasibu mpya mtafute aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na hati halisi zibaki kwako. Yeye apewe nakala.

Kuhusu ada ya miezi aliyokwisha kukufanyia kazi, hiyo ni mali ya warithi. Kaka yake akikuomba umpe mkononi, mwambie kwa upole kwamba utamlipa msimamizi kwa risiti, na fedha hizo uzitenge tangu leo.

Mama yako