Vazi la arusi ni lipi?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Katika mfano wa Yesu, Mathayo 22, mtu alitupwa nje ya karamu kwa kukosa vazi la arusi. Gauni langu la ibada ni la mtumba, na juzi mama mmoja wa kwaya alinihamisha kutoka kiti cha mbele. Andiko linanihusu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Halikuhusu hivyo. Yakobo 2 ndiyo inayomhusu huyo mama: mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame kule. Yakobo anaita hiyo dhambi, bila kuzunguka.

Kuhusu vazi lenyewe, mimi huanzia Zekaria 3. Yoshua, kuhani mkuu, anasimama mbele ya malaika na nguo chafu, Shetani pembeni akimshtaki. Haambiwi akafue. Anavuliwa uchafu, yaani uovu wake, anavikwa mavazi ya thamani. Vazi la arusi ni la namna hiyo: unavikwa na Mungu. Halafu Zekaria anadakia: mvikeni na kilemba kizuri kichwani! (Nampendea hapo nabii huyu.)

Aliyevikwa hivyo huonekana kwa matendo: Wakolosai 3:12 inataja huruma, unyenyekevu, upole. Hivyo haviuzwi dukani wala mtumbani.

Jumapili lipige pasi gauni lako, ukae mbele.