Kabla hujanunua dawa, litazame tope lako

Ndugu yangu unayesimamia mtambo wa majitaka, tope lile la kahawia tankini ni mifugo: ni bakteria hai wanaokula uchafu. Linakula, linapumua, na likikosewa linakufa.

Mimi nilijifunza hilo kwa hasara, kwenye hoteli moja hapa Arusha. Niliambiwa bili ya umeme imepanda, blowa, ile mashine ya kupuliza hewa tankini, izimwe saa nne usiku mpaka alfajiri. Nikazima. Siku za mwanzo sikuona tofauti. Wiki ya pili harufu ya mayai viza ikafika jikoni, na tope likaanza kuwa jeusi.

Nikachota lita moja, nikaimimina kwenye silinda ya kioo, nikasubiri dakika 30. Siku zote tope langu lilikuwa linatulia kwenye mililita 250 hivi, na maji ya juu yanang'aa. Siku ile liligoma kwenye 800, limevimba kama pamba iliyolowa. Kuna bakteria wa nyuzi ambao huvumilia uhaba wa hewa kuliko wenzao. Wakitawala, nyuzi zao huzuia mabonge ya tope yasishikamane, basi tope halizami, linaondoka na maji.

Nikauziwa dawa, yaani bakteria wa pakiti wa kumwaga tankini. Fedha ilipotea bure, maana hao wageni nao walikuta hakuna hewa. Kilichotuokoa ni kuwasha blowa usiku kucha na kuhakikisha oksijeni iliyoyeyuka haishuki chini ya miligramu 2 kwa lita. Tope lilichukua wiki tatu kurudi. Na wewe uliyeko huku juu, kumbuka Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Katika joto lilelile, maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko ya Tanga. Blowa iliyopigiwa hesabu za pwani itakuangusha.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina mambo yake. Bakteria wanaobadilisha amonia huzaliana polepole sana, na kwenye baridi ndiyo zaidi, kwa hiyo miezi hiyo mimi hupunguza tope ninalolitoa ili wakae tankini siku nyingi. Watu wa dobi nao kaa nao vizuri: klorini ya kung'arishia shuka ikimwagwa yote kwa mkupuo inaua.

Wenzetu wa Moshi wanaopokea maji ya kuoshea kahawa wana shida nyingine. Maji yale ni makali kwa asidi, yana sukari tele, lakini naitrojeni ni haba. Kwa kila sehemu 100 za chakula, bakteria wanahitaji kama sehemu 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Chokaa ya kupandisha pH ifike 6.5 au zaidi, na mbolea ya urea iliyopimwa, vitawafaa kuliko pakiti yoyote.

Nunua silinda ya lita moja na daftari. Pima kila asubuhi saa ileile, uandike.