Kwa mgeni anayekuja kumtafuta kipepeo wa Taita

Wengi wanaopanda Milima ya Taita kwa mara ya kwanza huja na wavu, macho yakiwa juu. Mdogo wangu, anza na miti. *Papilio desmondi teita*, yule mweusi mwenye mkanda wa buluu, hapatikani kwingine kokote duniani, na misitu yake ya ukungu imebaki vipande tu: Mbololo, Chawia, Ngangao yenye hekta 120 hivi. Kati ya kipande na kipande ni mashamba na mikaratusi. Usipoijua miti, utazunguka humo ukiomba bahati.

Ndugu zake hutaga kwenye mimea ya jamii ya mchungwa na mlimau, kwa hiyo jifunze kuitambua ile ya porini. Inua jani ulitazame dhidi ya mwanga: utaona vitone vidogo vya mafuta. Lifikiche, unuse. Ukishazoea harufu ile, pua itakuonyesha mti kabla hujauona.

Na kabla hujasafiri, fanya mazoezi nyumbani. *Papilio demodocus*, kipepeo mwingine wa jamii yake, yuko kwenye milimau ya watu kila mahali. Tafuta yai lake kwenye majani machanga, fuatilia kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, kisha anageuka kijani. Mguse kidogo: atatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Hilo darasa halina ada, na ninalithamini kuliko mwongozo wowote wa picha.

Kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi ya Kenya) na cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) vishughulikiwe mapema.

Msituni, usiharakishe kuandika jina. *Papilio nireus* naye ni mweusi mwenye mkanda wa buluu, tena ni wa kawaida sehemu nyingi za Kenya. Piga picha juu ya mabawa na chini yake. Usipopata zote mbili, andika “kundi la nireus” na uendelee.

Jambo ninalolisisitiza kupita yote: usipomwona kipepeo, andika sifuri. Jua likijificha hawaruki, na asubuhi za ukungu ni nyingi. Andika saa, hali ya jua, kipande cha msitu, kisha 0. Ukurasa mtupu haumwambii mtu kama ulikuwa pale ukamkosa, au hukwenda kabisa, na atakayehesabu Chawia miaka kumi ijayo atahitaji kujua hilo ili aseme kama kipepeo amepungua.