Jibu: Mama kabanwa kifua dripu ya kemo ilipoanza

Salaam dadangu. Umesema mama katiwa paklitakseli, dawa ya kemo ya saratani, mara ya kwanza, dakika ya tano uso ukawaka moto, kifua kikabana, mgongo ukauma, nesi akasimamisha dripu. Unauliza kama tiba ndiyo imekwisha. Mara nyingi haijakwisha.

Kwanza angalia vidonge vya deksamethasoni, vile vya kuzuia mzio kama huo. Kama aliandikiwa ameze masaa 12 na masaa 6 kabla ya dripu, na dripu ni saa tatu asubuhi, basi cha kwanza ni saa tatu usiku, cha pili saa tisa usiku. Hicho cha saa tisa ndicho watu hukikosa kwa usingizi! Akikikosa, amwambie nesi kabla hajatundikiwa, hata kama mmechelewa feri Likoni. Ana sukari? Semeni pia, deksamethasoni huipandisha.

Dalili zikitulia, dawa huweza kurudishwa polepole, nesi akiwa kando. Ila kama presha ilishuka sana au koo lilivimba, kwa kawaida hairudishwi, hubadilishwa. Uamuzi huo ni wa daktari wake, mimi siwezi kuutoa hapa.

Safari ijayo akihisi hata muwasho wa viganja, aseme papo hapo, asivumilie.