Kwa mwalimu mpya wa ushauri: usimjibu mzazi kwa gredi ya wastani

Mwalimu mwenzangu, karibu Lamu. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka, wazazi watakujia kutoka Shela, Matondoni na kwingineko na swali moja: "Mwalimu, mwanangu ataupata udaktari?" Mzazi atakutajia B+. Mkaribishe akae, kisha umwombe karatasi nzima ya matokeo.

B+ ni pana. Huanzia pointi 67 hadi 73 kati ya 84 (masomo saba, kila moja pointi 12), na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, haigawi nafasi kwa herufi. Hutazama pointi za klasta, yaani masomo manne ambayo kozi inayataka, pamoja na jumla ya masomo saba. Wachukue wanafunzi wawili wenye pointi 70 kila mmoja. Wa kwanza ana 46 kati ya 48 katika masomo manne ya udaktari. Wa pili ana 36, kwa sababu alama zake kubwa ziko kwenye Historia, Dini ya Kiislamu na Biashara. Zidisha 46/48 kwa 70/84, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48: unapata karibu 43. Wa pili anapata karibu 38. Hesabu hii ni ya makadirio tu, pointi kamili utazisoma kwenye akaunti ya mwanafunzi mtandaoni, lakini pengo umeliona. Gredi ni moja, na nafasi zao za kuingia hazikaribiani.

Tangu mtihani wa 2023 jambo hili linahitaji macho zaidi. Gredi ya wastani sasa huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri, na masomo mengine matano bora. Kwa hiyo Kemia mbovu yaweza kuachwa nje ya wastani, na mtoto akatoka na gredi ya kupendeza. Kwenye klasta ya udaktari Kemia iko palepale. Nimeona nyumba ikifanya sherehe kwa wastani huo, na hakuna aliyetazama mstari wa Kemia.

Tazama pia masharti ya kila somo kabla ya kupiga hesabu yoyote. Kozi ikitaka B ya Baiolojia na mtoto ana B-, wingi wa pointi hautamsaidia.

Kisha kuna zile pointi za mwaka uliopita. Wengi huzichukua kama alama ya kupita mtihani. Hizo ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule, kozi ile, chuo kile. Waombaji wakiongezeka zinapanda, nafasi zikiongezwa zinashuka. Mimi huangalia miaka kadhaa. Mtoto akiwa juu ya zote, namwambia tumaini ni kubwa. Akiwa katikati, aiweke kozi hiyo juu, na chini yake aweke anazozifikia bila wasiwasi: uuguzi, ualimu wa sayansi, au kozi ya Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, ambako nauli ya nyumbani haitamchosha mzazi. Akiwa chini kwa pointi nyingi, mwambie siku hiyohiyo, mzazi akiwepo. Kumficha ni kumdhulumu, maana akijaza chaguo zote kwa udaktari na kukosa, atabaki kugombea nafasi zilizosalia wakati wa kurekebisha chaguo.

Wachache watakuuliza kuhusu Marekani. Huko hakuna klasta. Harvard kwa miaka ya karibuni imekubali chini ya watu watano katika kila waombaji mia, na wengi wanaokataliwa wana alama za juu kabisa, kwa hiyo A peke yake haikupi makadirio. Muulize kwanza habari ya ada. Harvard, Yale, Princeton na MIT hazimhukumu mwombaji wa kigeni kwa kuomba msaada wa fedha. Vyuo vingi vingine huhesabu jambo hilo. Kwa mtoto wa mvuvi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua aombe wapi. Na aombe hapa nyumbani pia, kwa wakati wake, bila kungoja jibu la huko.